Mkindu wako umebadilika: ni njaa, ni ugonjwa, ni uchotara, au ni mabaka ya kweli?

Bibi mmoja alinijia kitaluni, hapa Tanga, amebeba mkindu mdogo kwenye chungu cha plastiki. Makuti ya juu yalikuwa ya manjano hafifu, kama maziwa yaliyotiwa binzari. Alikuwa ameununua kwa bei ya mara nne ya mche wa kawaida, kwa sababu muuzaji alimwambia ni aina adimu yenye mabaka. Nikaugeuza ule mche, nikautoa kwenye chungu. Maji yalikuwa yamesimama chini na mizizi nusu imeoza. Ulikuwa mkindu wa kawaida tu, wenye njaa ya chuma kwa kuwa mizizi yake haikuwa ikipumua. Tuliuhamishia kwenye chungu chenye matundu, kwa mchanga wa chenga kubwa na mboji kidogo, na makuti matatu yaliyofuata yakatoka ya kijani kibichi.

Tangu siku ile, mtu akiniletea mkindu, mtende au mnazi wa bustani wenye sura ya ajabu, simwulizi kwanza ameweka mbolea gani. Namwuliza: kasoro iko kwenye kuti lenye umri gani?

Sababu yake ni hii. Shina la jamii yote ya minazi, mikindu na mitende hukua kutoka sehemu moja tu, pale kileleni ambapo watu wa pwani hupata kichilema. Kuti changa liko katikati, kuukuu liko chini, na kila kuti ni kumbukumbu ya wakati lilipoundwa. Mti ukikosa potasiamu, magnesiamu au nitrojeni, huvihamisha kutoka makuti ya zamani kuvipeleka kwa machanga, kwa hiyo kasoro huanzia chini. Chuma, manganizi na boroni havihamishiki hivyo, kwa hiyo kasoro huanzia juu. Uchotara hauna umri: utauona kwenye kila kuti, changa na kuukuu. Na mabaka ya kweli huonekana tayari kwenye kuti ambalo halijafunguka, likiwa bado limejikunja kama mkuki.

Hayo ukiyashika, mengi ya chini utayapata hata bila mimi.

"Nilinunua mkindu mdogo wa kibarazani, sasa umekuwa kichaka chenye miiba"

Lalamiko hili nalisikia kuliko yote. Mkindu mdogo unaouzwa kwa vyungu ni Phoenix roebelenii, ambao kwao ni kingo za mto Mekong, huko Laos, Vietnam na kusini mwa China. Ukiwa safi hauzidi sana mita mbili au tatu, na bustanini kwa kawaida huwa na shina moja. Mkindu wetu wa mitoni, ule wa kusukia mikeka na vikapu, ni Phoenix reclinata. Huo hutoa mashina mengi yanayoinama na unaweza kupita mita kumi. Aina zote za Phoenix ni ndugu wa karibu mno. Dume la aina moja likichanua jirani na jike la aina nyingine, upepo na wadudu huvusha chavua, kokwa zinaota, na mwenye kitalu huenda asijue mpaka miche imeshauzwa.

Lakini usikimbilie kulaumu uchotara. Fukua kwanza udongo wa juu kwa vidole. Wakulima wengi hufukia kokwa tatu au nne katika chungu kimoja ili kionekane kimejaa. Kila shina likiwa na mizizi yake na halikuungana na jirani yake, ulichonacho ni miche kadhaa ya kawaida inayogombania chungu, na unaweza kuitenganisha ikiwa bado midogo. Shina dogo likiwa limetoka ubavuni mwa shina kubwa, hilo ni chipukizi, na hapo una haki ya kushuku.

Kisha shika kuti la makamo. Nitaviita chane vile vijani vyembamba vinavyotoka pande mbili za upongoo. Tazama chane ilivyojikunja mahali inaposhikana na upongoo. Phoenix wote, mtende na mkindu, chane zao hujikunja kama mfereji: ukidondosha tone la maji, litakaa ndani. Na chane za chini kabisa zimegeuka kuwa miiba. Ikiwa za kwako zimejikunja kama paa la nyumba, maji yakateremka pande zote mbili, huo si Phoenix wala chotara wake. Huenda ni ule wa Madagaska wenye fito za manjano ambao wauza maua huuita areka. Jaribio hili halichukui dakika moja na limeniokoa na mabishano mengi.

Ukishajua ni Phoenix, angalia mpangilio. Chane za roebelenii ni laini, zinalegea, zimepangwa kwa safu moja kila upande kama meno ya kitana, na chini yake utaona mistari ya unga mweupe kando ya mshipa. Za reclinata ni ngumu, ncha zinachoma, na hutoka kwa mafungu, tatu hadi tano pamoja, kila moja ikielekea kwake. Chotara hukaa katikati: safu ya kitana karibu na ncha ya kuti, mafungu karibu na shina, unga mweupe kidogo, miiba inayochoma kweli. Mimi huamini mafungu kuliko kitu kingine chochote. Ukubwa wa kuti hudanganya, kwa sababu kivuli hurefusha na njaa hufupisha.

Chotara hana dawa wala hahitaji dawa. Mtoe kibarazani, mpe nafasi ya mita tatu au zaidi kutoka ukutani, na kama unataka shina moja, kata machipukizi yakiwa bado membamba kama kidole. Ukiyaacha yakawa manene, utatumia shoka, na utaumiza shina mama.

"Mtende wangu wa kokwa haufanani na mama yake"

Hautafanana. Mitende ina miti dume na miti jike, na kokwa ni mtoto wa wawili. Karibu nusu ya miche itakuwa madume yasiyozaa, na majike hayatatoa tende ileile uliyoila. Ndiyo maana Oman na kote kwenye mashamba ya tende watu hupanda machipukizi yaliyokatwa ubavuni mwa mama anayejulikana. Jinsia utaijua mti utakapochanua. Karara la dume likifunguka hutoa maua meupe yanayomwaga unga ukiyatikisa, na la jike hutoa vipira vidogo vya manjano visivyo na unga.

Panapopandwa mtende wa Visiwa vya Kanari, Phoenix canariensis, uchotara huongezeka. Huo una shina moja nene sana, hautoi machipukizi, na kichwa chake ni cha makuti mengi ya kijani kibichi. Mtende wa tende una shina jembamba zaidi, machipukizi miguuni, na rangi ya kijivu inayoelekea buluu. Ukiona shina nene lenye machipukizi machache na kijani kilichofifia, wazazi wote wawili wamo. Huko Kanari kwenyewe mitende iliyoletwa kutoka nje imezaana na ya asili, na wahifadhi wanaliona hilo kuwa tishio kwa mti wao. Wanaotuuzia machotara kama mapambo wangelitaja jambo hilo, ningefurahi.

"Makuti yana mabaka. Nimepata lulu au mti unaumwa?"

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mabaka ya kweli huanza pale seli moja kileleni inapopoteza uwezo wa kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani inayopika chakula cha mti. Seli hiyo inagawanyika, wazao wake wanarithi upungufu huo, na ukoo mzima wa seli nyeupe unaishi ndani ya mti wa kijani. Kwa kuwa kuti hukua kwa kurefuka, ukoo huo huchora mstari kufuata urefu: chane hii nusu nyeupe, ile nzima, inayofuata ina uzi mwembamba wa krimu. Mpaka kati ya nyeupe na kijani ni mkali, kama uliokatwa kwa wembe. Usitarajie kila kuti liwe nayo. Makuti hutoka kwa mzunguko, kwa hiyo upande wenye kasoro hutoa michirizi kila zamu yake inapofika. Mti wenye makuti mawili ya kijani na la tatu lenye michirizi, kisha mawili tena na la tatu tena, ni ushahidi mzuri kuliko mti uliokuwa na kuti moja jeupe mwaka jana.

Njaa haichori hivyo. Potasiamu ikipungua, makuti ya chini hupata madoa ya manjano au rangi ya chungwa ambayo ukiyainua juani yanapitisha mwanga, kisha ncha za chane hukauka na kujikunja. Tafadhali usiyakate hayo makuti kwa ajili ya kusafisha. Mti unanyonya akiba kutoka humo, na ukiyakata utahamia kunyonya yanayofuata juu. Magnesiamu ikipungua, makuti ya chini hupata ukanda mpana wa manjano pembeni huku katikati yakibaki kijani. Mtende wa Kanari ni maarufu kwa hilo, na watu huupiga picha wakidhani ni aina mpya.

Kuti jipya likiwa la manjano karibu lote, fikiria chuma, na ukifikiria chuma fikiria mizizi: chungu kisichotoa maji, au mche uliofukiwa shina kina kirefu. Kuti jipya likiwa dogo na lenye mistari iliyofifia, fikiria manganizi, hasa kama unakaa kwenye udongo wa maweni. Kuanzia Mombasa mpaka Unguja tunapanda juu ya mawe ya matumbawe, na chokaa yake hufunga manganizi na chuma hata kama vimo ardhini.

Vidoa vidogo vyeupe kama vumbi kwenye uso wote wa kuti ni utitiri. Pangusa chini ya chane kwa karatasi nyeupe. Ukiona vinukta vikitembea juu ya karatasi, umepata jibu. Maji ya kunyunyiza kwa nguvu upande wa chini wa makuti, kila baada ya siku chache, hupunguza sana wadudu hao kwenye miche ya ndani. Na baka moja pana upande unaotazama jua la alasiri, lisilofuata urefu wa chane na linalokauka kuwa kahawia, ni mche uliotolewa kivulini ghafla ukaungua.

Kuna pia aina ambazo mabaka ndiyo sura yake ya kuzaliwa. Licuala mattanensis wa Borneo, ule unaoitwa 'Mapu', ana vipande vya kijani cheusi na cha njano kwenye kila kuti kama sakafu ya marumaru, na mipinanga kadhaa, ndugu za mpopoo, ya Asia ya Kusini-Mashariki huwa na madoa, hasa ikiwa michanga. Hiyo haina kasoro wala si chotara.

Ukibaki na shaka, rekebisha mizizi, lisha mti vizuri, kisha subiri makuti mawili au matatu mapya. Njaa itaondoka kwenye makuti mapya, lakini mabaka ya kweli hayasikii mbolea. Na kulisha vizuri si kumwaga urea. Nitrojeni nyingi bila potasiamu huongeza njaa ya potasiamu, na nimeona minazi ya hoteli ikiharibika kwa ukarimu wa aina hiyo. Chuo Kikuu cha Florida, ambacho kimefanya kazi kubwa kwenye jamii hii ya miti, kimekuwa kikipendekeza uwiano wa 8-2-12, yaani nitrojeni, fosforasi na potasiamu, pamoja na magnesiamu 4. Usipopata mfuko wenye namba hizo, tafuta wenye potasiamu kuzidi nitrojeni na fosforasi kidogo.

"Ulikuwa na michirizi mizuri, sasa unarudi kijani. Au unageuka mweupe wote"

Ukoo wa seli nyeupe na wa kijani wanashindana pale kileleni. Wa kijani wanajilisha, weupe wanalishwa. Mara nyingi kijani hushinda. Mara chache weupe hutawala kilele chote, na hapo mti unakufa kwa njaa hata ukiuwekea nini.

Kwenye aina zenye mashina mengi una la kufanya. Japani wamekusanya na kutunza Rhapis excelsa zenye michirizi tangu zama za Edo, wakazipa majina, kama 'Zuikonishiki', na wanazieneza kwa kugawa machipukizi tu. Fuata njia yao. Ondoa chipukizi la kijani tupu mapema, kwa sababu litakua haraka na kuwafunika wenzake. Acha yenye michirizi iliyosawazika. Chipukizi jeupe pe usilitenganishe na mama yake. Linaishi kwa mgongo wake, na ukilipanda peke yake litakufa.

Kwenye shina moja huna la kufanya, na nasisitiza kwa sababu nimeona mti ukiuawa: usikate kilele ukidhani utachipua upya kama maua ya uani. Ukikata kilele umeua shina hilo. Unachoweza ni kuulinda. Jua la asubuhi, kivuli chepesi kuanzia saa nne, maji yasiyokatika. Sehemu nyeupe huungua kwanza, na palipoungua kata ncha iliyokufa tu, si chane nzima.

Kuhusu mbegu za "mkindu wenye mabaka": usinunue. Miche mingi itatoka ya kijani. Michache itatoka myeupe kabisa, ikue wiki kadhaa kwa chakula kilichomo kwenye kokwa, kisha ife chakula kikiisha. Ukitaka michirizi, nunua mche unaouona kwa macho yako, wenye makuti yasiyopungua matano, na michirizi kwenye mawili angalau. Uliza pia ulikotoka. Miche ya mitende inayozalishwa maabara kutokana na vipande vya tishu mara nyingine hutoa wenye michirizi, na baadhi ya hao wamedumaa na hawatazaa vizuri. Kwa pambo si neno, lakini usiuziwe kwa ahadi ya tende.

"Kuti jipya linatoka limekunjamana"

Watu husema chotara ni dhaifu. Sijaona ushahidi wa hilo kitaluni kwangu, machotara wengi wana nguvu kuliko wazazi. Tafuta kwanza haya.

Makuti yaliyokatwa pembetatu, kama mtu alitumia mkasi, ni kazi ya chonga, yule mbawakawa mkubwa mwenye pembe. Alitoboa kuti likiwa bado limejikunja, ndiyo maana likifunguka kidonda kimoja kinaonekana mara nyingi. Tafuta tundu shingoni mwa mti, mtoe kwa waya, na uondoe magogo ya minazi yanayooza na marundo ya samadi karibu, maana humo ndimo anamozaliana. Kuti lililosinyaa na kukauka kama lililopitishwa motoni ni njaa kali ya manganizi, na ikiachwa huua kilele. Kuti lenye ncha iliyopinda kama ndoana, au lililokunjana kama feni isiyofunguka, ni boroni. Boroni inataka tahadhari kubwa, kwani kati ya dozi inayoponya na inayoua hakuna nafasi kubwa: fuata kipimo cha kifurushi, mara moja, kisha subiri miezi.

La mwisho ndilo la haraka. Shika kuti la katikati, livute taratibu. Likichomoka mkononi na chini linanuka, kilele kinaoza. Acha kumwagilia juu, tenga mche na wengine, choma makuti yaliyooza. Wa shina moja ni nadra kupona.

"Niliuziwa minazi chotara. Nitajuaje?"

Mnazi uliotokana na mama mfupi wa njano na baba mrefu hujitambulisha mapema: chipukizi lake hutoka na rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijani. Likitoka la njano safi, mama alijichavusha mwenyewe, na huo si chotara. Hivyo ndivyo vitalu vinavyozalisha chotara kama PB 121, wa Kodivaa, huchagua miche, kwa jicho tu. Ukikuta mnazi umeshakua, tazama mguuni: mrefu huvimba chini kama chungu, mfupi hushuka sawasawa kama nguzo, chotara huvimba kidogo. Ila ukichukua nazi za chotara ukazipanda, utapata mchanganyiko wa kila namna, na anayekuuzia hizo kwa jina la baba yao anakosea.

"Kokwa za chotara wangu haziwi mti"

Inategemea wazazi. Wakiwa wa jenasi mbili tofauti, yaani makundi mawili ya aina, kama Butia na Syagrus waliozaa × Butiagrus nabonnandii, mti uliopewa jina la familia ya Nabonnand waliokuwa na kitalu kusini mwa Ufaransa, mtoto karibu kila mara ni tasa. Karibu kila mche wa aina hiyo umetokana na mtu aliyepanda ngazi na kuchavusha kwa mkono, ndiyo maana ni ghali. Ukipasua kokwa ukakuta ndani ni tupu, usisubiri.

Machotara wa Phoenix ni kinyume chake. Wanazaa, na watoto wao wanazaa. Loweka kokwa siku mbili ukibadilisha maji, zifukie kwenye mchanga wenye joto, wala usizifukue baada ya mwezi kwa kudhani zimekufa: chipukizi la Phoenix hutokeza mbali kidogo na kokwa, na wengi huling'oa wakifikiri ni nyasi.

Uzazi huo ndio unaonitia wasiwasi. Hapa kwetu mkindu wa mtoni bado unakatwa ukili na akina mama wanaosuka, na mbegu huchukuliwa na ndege na maji. Machotara yangu yote yako uani, mbali na mto, na kila msimu hukata makarara yao, ya dume na ya jike, kabla hayajapasuka.